Rangi ya Mimea Isiyochujuka: Mwongozo Kamili wa Kutia Rangi Kitambaa cha Pamba Bila Kuchafua Ziwa

Karibu kila wiki natumiwa picha ileile. Upande mmoja kuna kitambaa cha pamba kilichotoka kwenye sufuria kiking'aa kama dhahabu. Upande wa pili ni kitambaa hichohicho baada ya kufuliwa mara mbili, kimekuwa rangi ya uji. Wanaonitumia wako Kisumu, Kakamega, Nakuru, Molo. Wote wanasema waliweka chumvi. Wengi waliongeza siki.

Hiyo chumvi na siki ndiyo imewaponza. Chumvi husaidia rangi za kiwandani zinazotengenezwa kwa ajili ya pamba, na siki husaidia baadhi ya rangi za sufi. Mtu alichukua maelekezo ya rangi moja akayahamishia rangi nyingine, video ikasambaa, na watu wanaendelea kupoteza vitambaa. Rangi ya mimea hushikishwa kwenye pamba kabla kitambaa hakijaonja rangi yenyewe, na kazi hiyo ya kabla ni theluthi mbili ya kazi yote.

Kosa la pili karibu hakuna anayeniuliza. Ni maji. Anayetumia maganda ya vitunguu hudhani kwamba, kwa kuwa rangi ni ya mmea, maji yake ni salama kumwagwa mtaroni. Mtaro wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, unaingia mto Auji, na Auji unaingia Ziwa Victoria. Ndiyo maana maji nimeyapa hatua yake hapa, tena ndefu. Ukiiruka, usimwambie mteja kwamba bidhaa yako inatunza mazingira.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha jiko

Vipimo hivi ni vya kilo 1 ya kitambaa kikavu. Ukiwa na nusu kilo, gawanya kila kitu kwa mbili, isipokuwa muda.

- Kitambaa cha pamba tupu kilo 1. Marekani, ile isiyopaushwa, ni nzuri kuanzia.
- Magadi soda ya unga gramu 40: gramu 20 za kufulia, gramu 20 za kuchanganya na shabu.
- Sabuni ya maji isiyo na rangi, vijiko viwili vya chakula.
- Kitu chenye tanini, ile dawa ya mmea yenye ukakasi mdomoni, kimoja kati ya hivi: maganda makavu ya mwati gramu 250, au majani ya chai gramu 300, au majani makavu ya mpera nusu kilo.
- Shabu gramu 150.
- Mmea wa rangi: maganda makavu ya vitunguu gramu 700, au maua na majani mabichi ya mubangi (gugu ninalolieleza hatua ya 5) kilo 2 hadi 3.
- Sufuria kubwa ya lita 30, ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli.
- Mabeseni mawili ya plastiki, mwiko mrefu wa mbao, glavu za mpira, kitambaa cha kuchujia.
- Mzani wa jikoni unaosoma gramu.
- Karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni chachu, juu yake ni ukali wa magadi. Maduka ya vifaa vya maabara za shule huwa nazo.
- Pipa la lita 100 au 200 lenye bomba, la maji machafu.

Baadhi ya hivi vinahitaji maelezo, kwa sababu hapa ndipo watu huanza kukosea.

Sufuria. Sufuria nyingi za nyumbani kwetu ni za alumini, na magadi hula alumini. Utaiona sufuria ikiwa nyeusi na vishimo vidogo chini. Debe la bati au pipa la chuma ni baya zaidi, kwani kutu huharibu rangi. Mwaka wangu wa kwanza nilipika rangi ya manjano kwenye pipa lililokuwa na kutu sehemu moja tu ya mshono. Aproni 12 za mteja zikatoka na rangi ya matope. Nikaanza upya kwa gharama yangu. Sufuria ukishaifanya ya rangi, isirudi jikoni kupikia chakula.

Magadi soda. Ni unga mweupe unaotokana na magadi ya Ziwa Magadi kule Kajiado. Usichanganye na kostiki ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi na haifai kwa kazi hii. Ukikosa unga, magadi ya mawe ya kupikia mboga yanafaa: saga, ongeza kipimo kwa nusu, yayeyushe na uchuje mchanga.

Shabu. Ni ile ya kutuliza maji ya matope. Ya mawe meupe yanayopitisha mwanga ndiyo bora. Ya viwandani, inayouzwa kwa magunia kwa ajili ya kusafisha maji, inashika rangi vilevile, ila mara nyingi ina chembe za chuma zinazofanya manjano yapooze.

Maganda ya mwati. Usichune mti ulio hai. Ukiuzungushia mti kisu pande zote, umeuua. Waendee wanaokata miwati kwa ajili ya nguzo na makaa, kama upande wa Elburgon, Molo au Eldoret. Maganda kwao ni taka.

Kitu ambacho hakipo kwenye orodha. Mrututu. Ni ile chumvi ya buluu ya shaba, na kuna mafundi wanaouweka ili wapate kijani. Mrututu ni sumu kwa samaki hata ukiwa kidogo sana majini, na hakuna kijani kinachostahili hilo. Chumvi za kromiamu pia ziache.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni pamba, kisha pima

Chomoa nyuzi chache ukingoni, zishike kwa koleo uziwashe. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini jepesi. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili, ni mchanganyiko. Rangi itashika nyuzi za pamba tu, na kitambaa kitatoka kimepauka hata ukifuata kila kitu. Shuka nyingi za mitumba ni za mchanganyiko huo, kwa hiyo ukinunua Kibuye, lile soko la Kisumu, omba uzi mmoja uchome kabla hujalipa.

Pima kitambaa kikiwa kikavu na uandike uzito. Kila kipimo kinachofuata kinategemea namba hii. Anayekadiria kwa macho hawezi kurudia rangi ileile wiki ijayo, na mteja aliyeagiza mikoba 20 hataki rangi 20.

## Hatua ya 2: Fua mpaka kitambaa kinywe maji

Pamba huzaliwa na nta, na kiwandani huongezewa wanga ili uzi usikatike kwenye mashine. Vyote viwili husukuma maji na rangi. Kufua kwa mikono na sabuni ya kipande hakuviondoi.

Jaza sufuria lita 20 za maji. Yeyusha gramu 20 za magadi soda na sabuni. Tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa, pasha moto mpaka karibu na kuchemka, kaa hapo saa moja na nusu ukigeuza kila baada ya dakika kumi.

Angalia maji. Kitambaa ulichodhani ni kisafi kitayageuza kuwa kama strungi, yaani chai isiyo na maziwa, na juu yake utaona utando wenye mafuta. Mara ya kwanza unaweza kudhani kitambaa kinachuja rangi. Hiyo ni nta na wanga vinatoka. Maji yakiwa meusi sana, rudia na maji mapya kwa saa moja. Marekani huhitaji kurudiwa mara nyingi.

Usimwage maji haya. Yatie kwenye pipa la maji machafu. Utayahitaji.

Utajuaje imefaulu. Suuza, anika kikauke kabisa, kisha dondoshea tone moja la maji. Tone likizama papo hapo na kusambaa, uko tayari. Likikaa juu kama shanga hata kwa sekunde tatu, rudi jikoni. Nasisitiza kipimo hiki cha tone kuliko kingine chochote humu. Mabaka mengi ninayoletewa ni nta iliyobaki.

## Hatua ya 3: Tanini, mshenga wa pamba na shabu

Sufi na hariri hupokea shabu moja kwa moja kwa sababu ni nywele na uzi wa mnyama. Pamba haina cha kuishikia. Ukiiloweka kwenye shabu peke yake, sehemu kubwa itaondoka na maji ya kusuuzia. Tanini hufanya kazi ya mshenga: yenyewe hung'ang'ania pamba, na shabu hung'ang'ania tanini. Rangi ikija, inashika shabu. Ukimwondoa mshenga, ndoa haipo.

Vunjavunja maganda ya mwati, chemsha kwa lita 5 za maji kwa saa moja, chuja, kisha ongeza maji ya moto mpaka lita 20. Majani ya chai au ya mpera ni vivyo hivyo, kwa dakika 45. Joto linalotakiwa ni lile ambalo mkono hauwezi kuvumilia lakini maji hayachemki. Tumbukiza kitambaa kilicholowa, geuza kwa nusu saa ya kwanza, kisha kiache mpaka asubuhi.

Chaguo lako hapa litaonekana kwenye rangi ya mwisho. Mwati huacha wekundu wa udongo, na chini ya maganda ya vitunguu hutoa kahawia yenye joto ambayo binafsi naipenda kuliko zote. Mpera huacha manjano hafifu, kwa hiyo ukitaka manjano safi utumie huo. Chai iko katikati. Magharibi mwa Kenya mipera huota yenyewe kando ya njia, na majani hayana anayeyagombania.

Onyo. Tanini ikigusana na chuma hugeuka nyeusi papo hapo. Msumari, waya wa kuanikia wenye kutu, hata sindano iliyosahaulika huacha doa lisilotoka. Maji ya kisima nayo huweza kuwa na chuma. Pima hivi: mimina strungi kali kwenye glasi ya maji hayo. Yakigeuka kijivu au zambarau iliyokolea, usiyatumie. Tega maji ya mvua.

Utajuaje imefaulu. Kitambaa kimepata rangi ya maziwa yenye chai, sawa pande zote. Kikamue. Usikisuuze.

## Hatua ya 4: Shabu

Yeyusha gramu 150 za shabu kwenye lita 2 za maji ya moto. Kwenye chombo kingine yeyusha gramu 20 za magadi soda kwa nusu lita. Sasa mimina maji ya magadi kwenye ya shabu polepole, kwa beseni kubwa. Yatatoa povu na kupanda. Ni hewa ile iliyo kwenye soda ya chupa, haina sumu, lakini ukimimina kwa pupa itafurika sakafuni. Povu likitulia, ongeza maji ya uvuguvugu mpaka lita 20.

Magadi yana kazi gani? Shabu ni chachu, na katika uchachu huo hupendelea kubaki ndani ya maji. Magadi hupunguza uchachu kidogo, shabu ikahamia kwenye kitambaa. Ukizidisha magadi, shabu hugeuka utando mweupe na kutua chini kabla haijafika kwenye nyuzi, na utakuwa umeitupa.

Tumbukiza kitambaa, kifungue kabisa kisikunjike, na ugeuze mara kwa mara kwa saa mbili. Ukiweza kukiacha usiku kucha, bora zaidi. Moto hauhitajiki.

Utajuaje imefaulu. Rangi ya chai imeng'aa kidogo, na ukipapasa kitambaa kimekuwa kama kimekaza. Suuza mara moja tu kwa maji baridi.

Maji haya ya shabu yanatumika tena. Kwa kitambaa kinachofuata ongeza nusu ya kipimo, gramu 75, na magadi gramu 10. Mimi huyatumia mara tatu kabla ya kuyapeleka pipani.

## Hatua ya 5: Pika rangi, na chagua mmea unaodumu

Kiazi chekundu cha bitiruti kina rangi ya kuvutia kwenye kisu na kwenye mikono, lakini haina mapenzi na pamba na moto huiharibu. Manjano ya jikoni, yaani binzari, hushika pamba vizuri hata bila shabu, kisha jua huila ndani ya siku chache. Rozela hugeuka kijivu. Mimea hii mitatu ndiyo iliyojaa kwenye video, na nakuomba uiache kabisa kwa bidhaa ya kuuza.

Maganda ya vitunguu vyekundu hutoa dhahabu mpaka kahawia. Wauzaji wa Kibuye, na wa soko la Wakulima pale Nakuru, huyafagia kila jioni. Peleka gunia lako safi asubuhi, likute jioni limejaa. Yakaushe kivulini na uondoe yaliyooza.

Mubangi ni lile gugu refu lenye harufu kali linalotawala mashamba ya mahindi baada ya mavuno. Hutoa manjano yenye ukijani. Likate likiwa na maua, kabla halijakomaza mbegu, vinginevyo utazisambaza njia nzima mpaka nyumbani na majirani watakulaumu kwa haki. Vaa glavu, maana utomvu wake huwasha ngozi za wengine.

Chemsha mmea kwa lita 15 za maji kwa saa moja, moto wa wastani. Chuja vizuri. Kipande cha ganda kikibaki kitaacha alama yake kwenye kitambaa. Makapi yaliyochujwa peleka kwenye mboji, hayana tatizo.

## Hatua ya 6: Tia rangi

Rudisha maji yaliyochujwa kwenye sufuria, jaza mpaka lita 20, yakiwa ya uvuguvugu. Tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa, na uanze kupandisha moto taratibu. Ukikitumbukiza kwenye maji ya moto, sehemu inayotangulia itanyakua rangi na utapata ramani.

Moto uishie pale vitone vidogo vinapoanza kupanda kando ya sufuria. Usichemshe. Rangi za manjano zikichemshwa sana huelekea kwenye kahawia chafu. Geuza bila kuchoka kwa dakika 20 za kwanza, kwani hapo ndipo usawa wa rangi hupatikana, kisha kila dakika kumi mpaka saa moja iishe.

Sasa epua, funika, ufunge sufuria nzima kwa blanketi kuukuu ndani ya kapu lililojazwa matambara au nyasi kavu. Iache usiku kucha. Joto litakaa humo kwa saa nyingi, rangi itaendelea kuingia, na wewe umeokoa makaa. Katika kazi hii kuni na makaa ndiyo gharama ya mazingira ambayo wengi hatuihesabu. Tangu nianze kutumia kapu nimepunguza muda wa moto katika hatua hii kwa nusu.

Utajuaje imefaulu. Asubuhi chukua maji ya sufuria kwa glasi. Yakiwa yamepauka kuliko jana, rangi imehamia kwenye kitambaa. Yakiwa yamekolea vilevile na kitambaa ni hafifu, tatizo liko hatua ya 2 au ya 4, na kuongeza maganda hakutasaidia. Mara nyingi hubaki rangi ya kutosha kitambaa cha pili, chepesi zaidi. Kitie.

## Hatua ya 7: Maji ya kutu, kwa anayetaka kijani kibichi au kijivu

Si lazima. Misumari yenye kutu iliyokaa wiki mbili kwenye siki na maji hutoa maji ya chuma. Weka kikombe kimoja kwenye lita 20 za maji, kwenye beseni la peke yake. Chovya kitambaa dakika tatu, kitoe, kitazame kikiwa hewani. Manjano ya mubangi hugeuka kijani cha zeituni mbele ya macho yako, na kitambaa chenye mwati huwa kijivu cha wingu la mvua.

Usizidishe. Chuma kingi hula nyuzi za pamba, na baada ya miezi kitambaa huchanika kama karatasi iliyolowa. Beseni na mwiko wa maji ya kutu visiguse tena kazi nyingine.

## Hatua ya 8: Suuza, anika, jaribu

Acha kitambaa kikauke kivulini siku mbili kabla ya kukiosha mara ya kwanza. Kisha kioshe kwa sabuni laini, suuza mpaka maji yawe meupe. Yataanza na rangi kidogo. Hiyo ni iliyokaa juu bila kushika, na lazima itoke kwako, isitokee kwa mteja.

Halafu fanya majaribio mawili, kila mara, kwa kila sufuria.

La kwanza ni la sabuni. Kata kipande cha vidole vinne, kishonee kitambaa cheupe cha pamba, ukifue kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu. Cheupe kikibaki cheupe, umefaulu.

La pili ni la jua. Kipande kingine kikunje ndani ya katoni, nusu ikiwa nje, kiweke dirishani penye jua wiki mbili. Fungua na ulinganishe. Kufifia kidogo ni kawaida kwa rangi yoyote ya mimea. Nusu ya nje ikiwa imekufa kabisa, usiuze. Jua la Kisumu halina huruma, na duka litakalotundika mkoba wako mlangoni litafanya jaribio hilo hata usipolifanya wewe.

## Hatua ya 9: Maji

Rangi ya mimea ni chakula cha vijidudu. Ikiingia mtoni, vijidudu huila na kuvuta hewa iliyo majini, hewa ileile ambayo samaki wanaitegemea. Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo mbele ya Kisumu, ina kina kifupi na mlango mwembamba wa kuingilia ziwa kuu, kwa hiyo kinachoingia hakitoki upesi. Tayari ghuba inapokea mengi, na gugu maji linaonyesha hivyo kwa kila anayesimama ufuoni Dunga. Ongeza magadi yanayochoma na shabu iliyo chachu, nawe umekuwa kiwanda kidogo kisicho na bomba la kusafishia.

Habari njema ni kwamba maji yako yanaweza kujisafisha yenyewe kwa yenyewe. Maji ya kufulia ni makali kwa magadi. Maji ya shabu ni chachu. Yakikutana, shabu hugeuka mabonge meupe laini yanayokamata rangi na uchafu na kuzama navyo, kama vile shabu inavyotuliza maji ya matope kwenye mtungi.

Fanya hivi:

1. Pipani tangulia na maji ya kufulia ya hatua ya 2, kisha maji ya tanini, kisha rangi iliyochoka, na maji ya kutu kama yapo.
2. Ukikoroga taratibu, mimina maji ya shabu yaliyokwisha kutumika.
3. Pima pH. Unatafuta kati ya 6.5 na 7.5. Ikiwa juu, ongeza shabu iliyoyeyushwa, kikombe kimoja kimoja. Ikiwa chini, ongeza maji ya magadi vivyo hivyo.
4. Koroga polepole dakika kumi. Utaona maji yanakatika kama maziwa yanayoganda.
5. Acha usiku kucha bila kugusa.

Asubuhi juu patakuwa na maji yanayopitisha mwanga, yenye manjano kidogo, na chini tope laini. Bomba la pipa liwe limefungwa kiganja kimoja juu ya kitako, ili utoe maji ukiacha tope. Yapitishe kwenye ndoo yenye kokoto, mchanga na makaa yaliyopondwa.

Kanuni za ubora wa maji za 2006, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliweka pH ya maji machafu yanayoelekezwa mtoni au ziwani kati ya 6.5 na 8.5, na kuyaelekeza huko kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kupata namba hiyo kwenye karatasi yako hakukupi ruhusa ya kumwaga mtoni. Nia yetu hapa ni kwamba yasifike mtoni kabisa.

Yamwagie miti isiyo ya chakula au maua, ukibadilisha mahali kila mara. Usiyamwagie sukuma wiki. Kilichobaki ndani ni chumvi za magadi, na zikikusanyika sehemu moja hufunga udongo. Walio kwenye udongo mweusi wa Nyalenda na tambarare za Kano wawe waangalifu zaidi: udongo ule haunywi maji upesi, na masika shimo lolote hufurika. Huko jenga kitanda kilichoinuka, cha mchanga na mimea, badala ya shimo. Popote ulipo, kaa angalau mita 30 kutoka kisima. Manyatta na Nyalenda zina visima vifupi vingi, na watu wanakunywa humo.

Tope likaushe juu ya gunia, na ukishapata kiasi litoke na taka ngumu. Lisiende kwenye mboji.

## Ukikwama

Mabaka yaliyopauka: nta. Hatua ya 2.

Mabaka yaliyokolea: kitambaa kilikunjika kwenye shabu, au uligeuza kidogo mwanzoni mwa rangi.

Madoa meusi madogo: chuma. Kagua maji, waya na sufuria.

Rangi sawa lakini hafifu mno: shabu ilikuwa kidogo, au ilitua chini kwa magadi mengi. Kitambaa hakijaharibika. Kirudishe kwenye tanini, kisha shabu, kisha rangi mpya.

Alama nyeupe kwenye aproni iliyokwisha uzwa: mteja alimwagikiwa na ndimu. Uchachu huvunja mshiko wa shabu. Hakuna dawa isipokuwa kutia rangi upya, kwa hiyo mwambie kabla hajanunua. Mimi huandika kwa mkono kwenye kipande cha karatasi ya kaki, nikakifunga kwa uzi kwenye kila bidhaa: «Fua kwa maji baridi na sabuni laini. Anika kivulini. Epusha ndimu na siki. Ikipauka, irudishe niitie rangi upya.»

Mwaka jana zilirudi aproni tatu. Zote zilikuwa za jikoni, zote zilikuwa na alama za ndimu kifuani, na zote zilitoka kwenye sufuria ya pili zikiwa na kahawia nzuri kuliko ya mwanzo.